Saa Zisizo na Kengele

Kila mwaka ifikapo miezi ya Oktoba na Novemba, ofisi zetu hupata habari za furaha: mtoto wa fulani amechaguliwa kuingia Chuo Kikuu, binti wa fulani amepata nafasi ya uuguzi, na mwenzetu wa masijala amekubaliwa ruhusa ya masomo. Twapongezana, twachangishana kidogo kwa ajili ya sanduku na nauli, na mzazi siku ile hushikana mikono na watu wengi kuliko barua alizozijibu. Furaha hiyo ni ya haki, wala hatuna nia ya kuipunguza. Lakini mwaka huu twataka kusema juu ya lile lifuatalo baada ya nauli, jambo ambalo aghalabu twaliacha bila kulisema kabisa, yaani jinsi kijana atakavyoyasimamia masomo yake akiisha kufika.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina wala kituo chake, alikuwa na mwana aliyekwenda chuoni kwa alama ambazo wengi wetu tungezionea wivu. Baba akawa anapeleka fedha kila mwisho wa mwezi, akipunguza hiki na kile nyumbani. Mwaka wa pili ulipofika katikati, akapata habari kwamba mwanawe si mwanafunzi tena; ameondolewa masomoni tangu yalipotoka matokeo ya mwaka wa kwanza. Miezi yote ile kijana alikuwa amepanga chumba karibu na chuo, akiamka asubuhi na wenziwe, akibeba mkoba, akishinda huko na huko hadi jioni, kwa sababu aibu ya kurudi nyumbani ilimshinda.

Baba yule ni mtunza majalada. Katika miaka yake yote ya utumishi hatujasikia jalada lililopotea mkononi mwake. Alipotuhadithia habari hii alisema neno ambalo halijatutoka moyoni: kwamba kila alipopiga simu aliuliza, “Waendeleaje?” naye kijana akajibu, “Shikamoo baba, naendelea vizuri,” basi akaridhika, ilhali ofisini hajaridhika hata siku moja na karani amwambiaye kwamba barua “inaendelea vizuri.” Huyo humwuliza iko meza gani, imeandikwa dokezo gani, na tarehe ngapi.

Tulikaa na kijana. Si mjinga, wala si mlevi, wala hakuwa na marafiki wabaya kama tulivyodhani kwanza. Alianguka kwa mambo madogo madogo yaliyofuatana. Jaribio moja hakuijua siku yake. La pili aliugua kweli, lakini karatasi ya daktari aliipeleka mwezi mzima baadaye. Kazi ya kuandika aliitia mkononi mwa mwenzake aipeleke, na mpaka leo haijulikani ilifika au haikufika. Tulipomsikiliza tuliangaliana, kwa kuwa hayo yote ni makosa ambayo karani wa daraja la mwisho hufundishwa kuyaepuka katika juma lake la kwanza la kazi. Sisi tunayo maarifa aliyoyakosa yule kijana, nasi hatukumpa, maana tulidhani chuo ni mahali pa akili nyingi tu, na mambo ya shajara na majalada ni ya watu kama sisi.

Tuanze na hesabu. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kila somo hupewa uzito wake kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Mwaka kamili wa masomo ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Basi mwaka ni saa 1,200, na muhula mmoja ni saa 600. Zigawe kwa majuma 15 ya kufundishwa, utapata saa 40 kwa juma. Hizo ndizo saa zetu sisi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hata saa tisa na nusu alasiri, siku tano.

Sasa kijana akipewa ratiba yake ya kwanza huiangalia akacheka. Aona mhadhara Jumatatu asubuhi, mwingine alasiri. Jumanne semina moja. Jumatano hapana kitu hata saa nane. Akijumlisha apata saa 15, pengine 20. Atoka katika shule ya bweni ambako siku nzima iligawanywa kwa kengele: ya kuamka, ya usafi, ya mstari, ya darasa, ya chakula, ya kujisomea usiku, ya kulala. Mwalimu wa zamu alipita na fimbo kwapani. Leo aona nafasi nyeupe katika ratiba, naye kwa desturi aliyolelewa nayo, mahali pasipo na kengele ni mapumziko. Hakuna amwambiaye kwamba nafasi zile nyeupe ndizo nusu ya kazi yenyewe; kwamba krediti 12 za somo moja ni saa 120, na mhadhiri atakuwa naye kwa saa 45 au 60 tu; zilizobaki azitafute mwenyewe, azipangie mahali, azitumie, na mtu asimwulize.

Ushauri wetu wa kwanza kwa kijana, basi, ni huu: zijaze zile nafasi nyeupe kabla ya juma la kwanza kwisha. Andika katika ratiba, kwa wino, somo gani litasomwa Jumatano saa tatu, na mahali gani, kama ni maktaba au chini ya mwembe. Usiandike “kujisomea” tu, kwa maana neno hilo ni pana na hujazwa na lolote. Andika “Uchumi, sura ya pili, maswali.” Nenda kazini saa moja na nusu kama baba yako aendavyo, utoke saa tisa na nusu au kumi, na jioni yako itakuwa huru kwa mpira na mazungumzo bila kuibiwa na hofu. Twajua wako wasomao usiku kucha juma la mtihani na wakafaulu. Wako pia wavukao barabara bila kuangalia.

Jambo la pili lahusu watu wengi. Chuo kilichokuwa mwanzo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiotimia ishirini. Mwalimu alimjua kila mmoja, na asiyekuja alionekana kama jino lililong'oka. Leo ukumbi mmoja wa mihadhara huko Mlimani waweza kuchukua mamia, na wengine wakasimama madirishani. Mwanafunzi akikosa kuhudhuria majuma matatu hakuna atakayemwuliza, naye huudhani ukimya ule kuwa ruhusa. Vyuo kadhaa vimeweka kanuni kwamba asiyetimiza sehemu fulani ya mahudhurio, aghalabu asilimia 75, hatafanya mtihani, lakini kanuni hiyo humfikia mtu mwisho wa muhula, wakati ambapo haimfai tena.

Kwa hiyo yampasa ajulikane kwa hiari yake. Aketi mbele. Katika majuma mawili ya kwanza aende katika ofisi ya kila mhadhiri, katika saa zilizobandikwa mlangoni, akiwa na swali moja la kweli kutoka katika mhadhara. Vijana wetu wamelelewa kwa adabu ya kunyamaza mbele ya wakubwa, nasi ndio tuliowalea hivyo. Lakini kumwuliza mwalimu swali la somo lake si utovu wa adabu, ni heshima, maana ni dalili kwamba alisikilizwa. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Tumemsikia binti mmoja akisema kwamba alikwenda kumwuliza mhadhiri juu ya hoja asiyoielewa, akatoka na kitabu cha kuazima na maelezo ya namna maswali ya mtihani hutungwa. Walikuwa wawili tu waliokwenda muhula ule, katika darasa la watu zaidi ya mia mbili.

Sasa twafika kwenye kuandika, na hapa twaomba ruhusa kusema kwa majivuno kidogo, maana ni kazi yetu. Kila mmoja wetu aliyewahi kuwa katibu wa kikao anajua kwamba muhtasari huandikwa siku ile ile. Ukilala mara moja, maneno huanza kuchanganyika. Ukilala mara tatu, wabaki na maandishi ya mkato ambayo hata wewe huyasomi. Mhadhara ni kikao. Mwanafunzi aandike haraka awezavyo ndani ya ukumbi, kisha jioni ile ile aketi nusu saa, ayaandike upya kwa maneno yake, na pembeni atie alama penye shaka. Shaka hizo ndizo maswali ya kupeleka semina au ofisini kwa mhadhiri. Wengi hawafanyi hivyo. Hungoja juma la mwisho, kisha huenda steshenari kutoa nakala ya yale wayaitayo madesa, yaani maandishi ya mtu mwingine, wa mwaka mwingine, pengine wa mhadhiri mwingine. Desa si haramu. Hata sisi hutumia barua za zamani kama vielelezo. Lakini karani anakiliye barua ya zamani pamoja na tarehe yake ya zamani, sote twajua yaliyompata.

Lugha nayo ni kikwazo ambacho hatupendi kukikiri. Watoto wetu wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari wakafundishwa kwa Kiingereza ambacho mara nyingi kilifafanuliwa kwa Kiswahili, na sasa waketi mbele ya profesa asemaye Kiingereza saa mbili mfululizo bila kupumua. Mwezi wa kwanza wengine hushika nusu ya maneno, nao huona haya kusema, wakidhani wenziwao wote wameshika. Hawakushika. Dawa yake twaijua, kwa kuwa sisi nasi tulijifunza lugha ya majalada katika kazi: daftari dogo la maneno mapya ya kila somo, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi moja ya mfano. Wakutane wanne au watano, wajadiliane kwa Kiswahili mpaka jambo liwe jeupe, kwa maana jambo usiloweza kulieleza kwa lugha yako hujalielewa. Kisha, na hapa ndipo wengi huachia njiani, kila mmoja aandike jibu kwa Kiingereza peke yake, kwa saa, kama katika mtihani. Kikundi kinachojadili tu hutoka na furaha, na mtihani huja ukitaka maandishi.

Wasizidi watano, twarudia. Katika kikundi cha watu kumi huwa kuna mmoja afanyaye kazi, wawili wamwonao, na saba walioandikwa majina.

Juu ya majaribio na alama twataka tukae kidogo, kwani hapo ndipo kijana wa mwenzetu alipopotelea. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika vyuo vingine vingi, mtihani wa mwisho wa muhula huchukua alama 60 katika 100, na zile 40 hutokana na majaribio, kazi za kuandika na semina katikati ya muhula. Mpaka wa kufaulu katika masomo mengi ya shahada ni 40. Mwenye 28 za katikati ya muhula ahitaji 12 tu katika 60 ili asianguke, naye huingia mtihani akifikiri juu ya kufanya vizuri. Mwenye 10 ahitaji 30 katika 60, yaani nusu nzima ya karatasi, ili apate tu ya kusimama. Zaidi ya hayo, viko vyuo na masomo yatakayo kiwango fulani katika kila sehemu, hata jumla ikitosha. Kanuni hizo zimeandikwa katika kitabu cha mwongozo wa chuo, ambacho hutolewa juma la kwanza na hufunguliwa, kwa kadiri tulivyoona, na wachache sana. Mzazi akisome pia. Sisi ndio tuzoeao kusoma kanuni za kudumu za utumishi mpaka kwenye viambatisho. Kitabu cha chuo hakitatutisha.

Wala asidanganyike na msemo kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea. Alama za mwaka wa kwanza huingia katika wastani wa mwisho sawa na za mwaka wa tatu. Katika mizani ya alama tano, daraja la pili la juu huanzia 3.5, na aliyeanza na 2.3 atatumia miaka miwili iliyobaki akipanda mlima ambao mwenzake hakuuona. Wenyewe wana maneno yao kwa mambo haya: mtihani wa marudio wauita “supu,” na kuondolewa masomoni wauita “kudisko,” maneno mepesi yanayochekesha midomoni mpaka siku mtu atakapoyakuta mbele ya namba yake.

Tarehe zote za majaribio, mara zitangazwapo, ziandikwe mahali pamoja. Siku hizi matangazo huja katika simu, katika kundi la WhatsApp la darasa, kati ya vichekesho na salamu na picha za chakula. Kijana yule alituonyesha simu yake: tangazo la jaribio lililompita lilikuwapo, saa tano usiku, na chini yake ujumbe zaidi ya mia mbili kabla hajaamka. Hatusemi atupe simu. Twasema kwamba simu ni mfuko wa barua, si daftari la barua. Kila jioni mfuko ufunguliwe, barua zichambuliwe, zile zenye tarehe ziandikwe katika shajara, na zilizobaki ziende zake. Na ubao wa matangazo wa idara upitiwe mara mbili kwa juma kwa miguu, kwa kuwa yako mambo ambayo bado hubandikwa huko tu.

Kisha karatasi. Tunawasihi vijana wote, watufanyie hisani hii moja hata kama hayo mengine watayapuuza: wasitupe karatasi yoyote iliyosahihishwa. Alama hupotea. Hupotea pasipo ubaya wa mtu, katika kuhamishwa kutoka karatasi kwenda kwenye kompyuta, namba ya usajili ikikosewa tarakimu moja. Mwenye karatasi yake ya jaribio yenye wino mwekundu huenda ofisini na jambo hukamilika kwa dakika kumi. Asiye nayo huleta maneno. Kila somo liwe na jalada lake, la shilingi chache, na ndani yake mpango wa somo, majaribio, kazi zilizorudishwa, na nakala ya kila barua.

Maana barua zitakuwapo. Akiugua wakati wa jaribio, aende katika zahanati ya chuo siku ile ile, apate karatasi, aiambatishe kwenye barua kwa mkuu wa idara, nakala kwa mhadhiri, naye abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri haikufika. Sisi tulio upande wa pili wa dirisha twalijua hilo kuliko wote. Akifiwa, au fedha ikichelewa hata asiweze kukaa chuoni, iko njia ya kuahirisha masomo kwa maandishi na kurudi mwaka ufuatao pasipo kuanguka. Njia hiyo huombwa kabla ya mtihani. Baada ya mtihani haiitwi tena maombi, yaitwa utetezi, nao husikilizwa kwa sikio jingine kabisa. Na kazi ya kuandika apeleke kwa mkono wake, atie sahihi katika daftari la mapokezi kama lipo, au akiipeleka kwa njia ya mtandao ahifadhi uthibitisho. Asimpe mwenzake.

Fedha si mada yetu leo, ila kwa sehemu inayogusa darasa. Juma ambalo fedha ya Bodi ya Mikopo huingia, wanafunzi huiita “bumu,” na kumbi za mihadhara siku hizo huwa na hewa nyingi. Kijana akumbuke kwamba fedha ile ni deni. Wako wengi kati yetu ambao asilimia 15 ya mshahara hukatwa kila mwezi kulipa mikopo yao wenyewe, nao wajua kwamba Bodi haiulizi kama shahada ilipatikana au haikupatikana. Kumlipia deni la shahada uliyo nayo ni jambo zito lenye faraja yake. Kulipa deni la shahada usiyo nayo, hilo hatumwombei mtoto wa mtu.

Sasa tugeukie nyumbani, maana yako makosa yasiyo ya kijana. Wengi wa wanafunzi wetu hawapati nafasi ya bweni, hukaa kwa mjomba au shangazi mjini. Twamkaribisha kwa moyo mweupe. Kisha, bila kukusudia, tunamfanya mtumishi. Hasa binti. Aamka alfajiri kufagia na kuandaa chai, apanda daladala kutoka Gongo la Mboto au Mbagala saa moja na nusu au mbili njiani, arudi magharibi akute sufuria zikimngoja, na watoto wawili wa kusaidiwa kazi zao za shule. Mpwa wa kiume katika nyumba hiyo hiyo hukaa sebuleni akitazama mpira. Tumesema kwamba kazi ya mwanafunzi ni saa 40. Mwenyeji azihesabu kwa uaminifu katika siku za binti huyo aone kama zipo. Kama hazipo, na aliyezichukua ni yeye, basi azirudishe. Meza moja, taa moja, na saa mbili za jioni ambazo jina lake haliitwi, hizo ni ukarimu mkubwa kuliko kitanda.

Na mzazi aliye mbali abadili swali. Badala ya “Waendeleaje?” aulize: “Umekwisha kufanya majaribio mangapi? Somo lipi, umepata ngapi katika ngapi? Lifuatalo ni tarehe gani?” Aandike majibu, na mwezi ufuatao aanzie pale alipoishia. Asiulize kwa ukali, kwa kuwa ukali ndio uliomfanya kijana yule apange chumba badala ya kupanda basi. Baba mwenyewe alikiri mbele yetu kwamba siku ya kuagana alimwambia mwanawe, “Ukishindwa, usirudi nyumbani kwangu.” Alilisema kwa kumtia moyo, kama baba zetu walivyotuambia sisi. Mtoto alilitii.

Mwisho twasema machache kwa wenzetu wanaosoma huku wakifanya kazi, ambao idadi yao yaongezeka katika matawi, wengine katika masomo ya jioni, wengine katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hao hesabu yetu ya saa 40 yawahusu kwa namna nyingine: wanazo saa 40 za mwajiri kwanza. Hakuna mtu awezaye kufanya kazi mbili kamili pamoja na familia, misiba na harusi za juma zima. Wachukue masomo machache kwa muhula kadiri kanuni zinavyoruhusu, wachelewe mwaka mmoja au miwili, wamalize. Twaona wengine wakijiandikisha masomo yote kwa pupa, kisha wakisoma vitabu chini ya meza ya ofisi huku wananchi wakisimama dirishani. Hapo mtu huwa ameharibu pande mbili. Na mkuu wa ofisi aliye na mwanafunzi wa namna hiyo apewe tarehe za mitihani mapema, kwa maandishi. Wengi si wakatili, ila hupata habari jioni ya kuamkia mtihani.

Kijana yule yuko nyumbani sasa, na baba yake amekwisha kumsaidia kuandika maombi mapya katika chuo kingine kwa ngazi ya stashahada. Barua waliiandika pamoja, na nakala imo katika jalada. Jana alipita ofisini kwetu kuuliza kama muhuri wa kupokelewa huwekwa juu ya tarehe au pembeni.

Chama kimenunua shajara hamsini za mwaka wa masomo. Mwanachama mwenye mtoto aingiaye chuoni mara ya kwanza, au aliyepata ruhusa ya masomo yeye mwenyewe, na ampelekee katibu wa tawi lake jina na mahali atakaposoma kabla ya mwisho wa mwezi wa Septemba. Hazitatosha wote, nazo zitatolewa kwa kufuata tarehe ya kupokelewa kwa barua.